Nataka bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba, Kigamboni. Nianze na nini kabla ya kuchimba?

BintiKibada

Wakuu, habari za jioni.

Mimi na mume wangu tumemaliza nyumba Kibada, na nyuma imebaki nafasi ya mita 14 kwa 22. Tumekubaliana tuweke bwawa la kuogelea la mita 8 kwa 4, kwa ajili ya watoto (mkubwa ana miaka 11, wa mwisho ana mitatu) na ndugu wanaokuja likizo. Si la biashara.

Tumeita mafundi wawili. Wa kwanza anajenga kwa tofali za inchi 6 na plasta yenye dawa ya kuzuia maji, anasema wiki tatu anakabidhi. Wa pili anamwaga zege lenye nondo, na bei yake inakaribia mara mbili ya mwenzake. Wote wamekuja na picha za marumaru kwenye simu. Hakuna aliyeuliza udongo ukoje wala maji yatatoka wapi, na hilo ndilo lililonifanya nisite kutoa malipo ya awali.

Hali ya kiwanja: mchanga mtupu, tambarare. Kisima cha jirani kina maji ya chumvichumvi, na kiangazi hiki maji yako kama mita 3 kutoka juu. Upande wa kusini tuna miembe miwili na mwarobaini mkubwa. Shimo la maji taka liko kona ya magharibi. Mume wangu anataka upande mmoja ufike mita 2.5 ili watu waweze kupiga mbizi.

Naombeni mawazo, hasa kwa waliojenga kwenye mchanga kama huu.

Kivule_Kwetu

Nafuatilia. Ngoja waje wataalamu.

Zege30

Dada BintiKibada, umefanya vema kuuliza kabla jembe halijagusa ardhi. Mimi ni mhandisi wa majengo na kazi zangu nyingi ni za ukanda huu wa pwani. Marumaru ziweke pembeni kwanza. Kitu cha kujua kabla ya vyote ni maji yaliyo chini ya kiwanja chako.

Hizo mita 3 za kisima cha jirani ni za kiangazi. Masika yakikolea, mwezi wa nne na wa tano, maji ya chini hupanda, na kwenye mchanga tambarare karibu na bahari yanaweza kupanda sana. Bwawa likiwa limejaa halisumbuliki, kwa sababu uzito wa maji ya ndani unalikandamiza. Hatari ni siku utakapolitoa maji ulikarabati. Maji ya nje yanalisukuma kutoka chini, na bwawa tupu linaweza kuinuka na kuelea kama ngalawa, zege na marumaru zake zote. Likiinuka hata sentimita chache tu, mabomba yanakatika na sakafu inapasuka.

Nikupigie hesabu ya bwawa lako, tuseme kina cha maji ni mita 1.1 upande mmoja na 1.5 upande wa pili, kuta na sakafu za zege unene wa sentimita 20. Zege lote ni kama mita za ujazo 14.6. Kila mita ya ujazo ya zege lenye nondo ina uzito wa tani 2.4 hivi, kwa hiyo ganda zima lina tani 35. Sasa eneo la chini la ganda ni mita za mraba 37. Kila sentimita 10 ambazo maji ya ardhini yanapanda juu ya kitako cha sakafu zinasukuma kwa tani 3.7. Yakifika sentimita 95 juu ya kitako, msukumo umeshalingana na uzito wa ganda. Kwa bwawa hili hiyo ni pale maji yakiwa sentimita 70 kutoka usawa wa ardhi. Mhandisi makini hangoji yafike hapo, anaanza kuchukua hatua yakiwa mita moja.

Na hiyo ni kwa kina cha 1.5. Ukienda 2.5, kitako cha upande huo kinakaa karibu mita 2.8 chini, yaani jirani kabisa na maji ya kisima hata kiangazi. Shimo lenyewe litakuwa na maji mkiwa mnachimba, kuta za mchanga zitaporomoka, mtahitaji pampu usiku na mchana ndipo muweze kumwaga zege.

Kwa hiyo usichimbe sasa. Tafuta wale vijana wanaotoboa visima kwa mkono, wakutobolee tundu la inchi 4 pale hasa bwawa litakapokaa, mita 3 kwenda chini. Tumbukiza bomba la plastiki lenye vitundu, lifunike juu. Kila Jumamosi shusha uzi wenye kijiwe, pima, andika. Fanya hivyo masika yote. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na bwawa, na hakuna fundi atakayeweza kukubishia kipimo hicho.

Kivule_Kwetu

Mhandisi, kwa heshima zote, naona unamtisha dada wa watu. Kaka yangu ana bwawa la tofali Kivule, lina miaka na halijawahi kuvuja. Zege ni gharama. Kwa familia ya kawaida tofali zinatosha.

Zege30

Kaka, Kivule ni juu, na udongo wake si mchanga huu wa Kibada. Bwawa la kaka yako huenda halijawahi kuguswa na maji ya ardhini hata siku moja. Sibishi kwamba tofali zinaweza kufaa. Tofali zenye matundu, zikasimamishwa juu ya sakafu ya zege, nondo zikapita kwenye matundu na kila tundu likajazwa zege, huo ni ukuta wa kueleweka kwa bwawa la kina kifupi lililo juu ya maji. Ninachokataa ni ukuta wa inchi 6 uliopangwa kwa udongo wa saruji, ukapakwa plasta na "dawa". Maji ya kina cha mita 1.5 yanasukuma chini ya ukuta kwa nguvu ya tani moja na nusu kwa kila mita ya mraba. Yakitolewa, mchanga uliolowa wa nje unarudisha msukumo kinyume. Ukuta unasukumwa kwenda na kurudi miaka yote, na plasta haina uwezo wa kunyumbuka. Ikipata ufa mwembamba kama unywele, maji yameshapata njia.

Kwa zege, dada, hesabu ya haraka ili ujue unalinganisha nini na nini: mita za ujazo 14.6 za zege la daraja la 30 zinakula mifuko 105 hadi 115 ya saruji. Nondo za milimita 12, wavu wa tabaka mbili kwa nafasi ya sentimita 20, ni kama 145 mpaka 150 za mita 12. Fundi akikuletea orodha yenye mifuko 60 na nondo 70, muulize zege lingine litatoka wapi. Michoro kamili achore mhandisi aliyesajiliwa, maana nondo za pembeni, chini ya ukuta na kwenye mteremko zina mpangilio wake.

Mambo matatu ya pwani ambayo mafundi wengi wanayapuuza. Zege lichanganywe kwa maji baridi ya bomba, kamwe si ya kisima cha chumvi, na mchanga wa ufukweni usiingie kabisa. Chumvi ikishakaa ndani ya zege inakula nondo kimya kimya, nondo inavimba kwa kutu na kulipasua zege kutoka ndani. Pili, nondo zifunikwe na zege sentimita 5 kila upande, wawekee vipande vya zege vya kuzishikilia, wasizilaze chini. Tatu, pale sakafu inapokutana na ukuta ndipo mabwawa mengi yanapovujia. Iwekwe tepe ya kuzuia maji katikati ya ungio, na ukuta umwagwe kwa siku moja bila kukatisha.

Zege linyweshewe maji angalau siku 7, liachwe likomae mpaka siku 28. Halafu lijazwe maji kabla ya plasta na marumaru, na kabla ya kurudishia mchanga pembeni. Wiki nzima. Kupima kama linavuja, weka ndoo yenye maji juu ya ngazi ya ndani, weka alama usawa wa maji ya ndoo na ya bwawa. Vyote vinapungua kwa jua. Bwawa likipungua zaidi ya ndoo, linavuja. Mtu anayekuahidi wiki tatu kazi nzima anakuambia kwamba hakuna jaribio hata moja kati ya haya atakalofanya.

Fundi_Bomba_Tz

Mhandisi kamaliza upande wa zege, mimi niongee ya mabomba, kwa sababu mabwawa mengi ninayoitwa kurekebisha ganda lake ni zima kabisa, ila maji ni ya kijani.

Dada, umetaja miti upande wa kusini. Kuanzia mwezi wa nne hadi wa tisa kusi linavuma kutoka huko huko. Majani ya mwarobaini ni madogo, mengi, na yanadondoka moja kwa moja majini. Upepo unayasukuma yanajikusanya upande wa kaskazini magharibi wa bwawa. Basi weka skima hapo (kile kidaka cha ukutani kinachonyonya uchafu unaoelea), mdomo wake utazame upepo unapotoka, na matundu ya kurudishia maji safi yawe upande wa pili ili mkondo na upepo visukume pamoja. Kaskazi likiingia mwezi wa kumi na mbili uchafu unahamia kusini magharibi. Kwa mita za mraba 32 skima moja inatosha kwa kanuni, lakini kwa pwani yetu yenye pepo mbili mimi naweka mbili. Gharama ya skima ya pili ni ndogo kuliko mtu wa kuchota majani kila asubuhi.

Bwawa lisikae chini ya hiyo miti. Lisogeze kadiri unavyoweza. Mizizi ya mwembe ni habari nyingine tena.

Ukubwa wa pampu: mita 8 kwa 4 kwa wastani wa kina cha 1.3 ni lita elfu 41 na mia sita. Maji yote yapite kwenye chujio ndani ya masaa 6, yaani mita za ujazo 7 kwa saa. Pampu ya nguvu farasi moja au pungufu kidogo, chujio la mchanga la kipenyo cha milimita 500 au 600. Chukua 600. Watu wananunua pampu kubwa wakidhani ndiyo usafi. Ukisukuma maji kwa kasi kupita chujio dogo, uchafu unapenya mchanga na kurudi bwawani. Mabomba ya kunyonya yawe milimita 63, yasiwe na kona nyingi.

Umeme: pampu ya nguvu farasi moja inakula kama uniti moja kwa saa. Masaa 6 mpaka 8 kwa siku ni uniti 180 hadi 240 kwa mwezi. Zidisha kwa bei unayonunulia LUKU, mkae wewe na mzee muone kama mnaimudu kila mwezi, miaka yote. Zipo pampu za kubadili mwendo. Ukipunguza mwendo kwa nusu, umeme unashuka mpaka kama sehemu moja ya nane, kwa hiyo hata ukiiacha ifanye kazi masaa mengi zaidi bado unaokoa.

Maji: jua na upepo wa Dar vinakausha kama milimita 5 kwa siku. Kwenye bwawa lako ni lita 160 kila siku, karibu 5,000 kwa mwezi, bila kuhesabu watoto wanaoyarusha nje. Ukiongezea kwa maji ya kisima cha chumvi, kumbuka kinachokauka ni maji, chumvi inabaki. Kila mwezi inazidi. Kujaza mara ya kwanza kwa boza la lita 10,000 ni safari nne na kidogo. Mimi ningejaza kwa maji baridi na kuvuna mvua ya paa kwenye tenki kwa ajili ya kuongezea.

Halafu amua mapema maji ya kuosha chujio yaende wapi. Kila ukiosha unamwaga lita mia mbili hadi mia nne zenye klorini. Usiyaelekeze kwenye shimo la maji taka, yanaua bakteria wanaofanya kazi humo na kulijaza shimo. Usiyaelekeze kwa jirani. Chimba shimo dogo la kokoto mbali na nyumba na mbali na kisima.

Muuguzi_wa_Zamu

Nimesoma michango yote, ni mizuri, lakini naona mpaka sasa hakuna aliyemtaja yule mtoto wa miaka mitatu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa chini ya miaka 5. Mtoto mdogo anayezama hapigi kelele. Hana pumzi ya kuita, mikono yake iko chini ya maji. Mtu anaweza kuwa amekaa mita nne pembeni anaangalia simu na asisikie kitu. Naandika hivi kwa sababu nimewapokea watoto hao, na naomba kila anayepanga bwawa nyumbani ausome mstari huu mara mbili.

Ukuta wa kiwanja si uzio wa bwawa. Ukuta unazuia mtoto wa jirani, wa kwako yuko ndani tayari. Unahitaji uzio wa pili kuzunguka bwawa lenyewe, ulitenge na mlango wa jikoni na kibaraza. Urefu usipungue mita 1.2, nguzo zisimame wima na zikaribiane mtoto asipenye, kusiwe na mbao za kulala anazoweza kupandia. Lango lifunguke kwa nje, lijifunge lenyewe kwa springi, na komeo liwe juu, mita moja na nusu. Kiti na ndoo visikae karibu na uzio. Midoli isibaki majini baada ya kuogelea, maana ndiyo inayomvuta.

Rangi ya sakafu: acha marumaru za bluu iliyoiva na nyeusi mnazoonyeshwa kwenye simu. Weka nyeupe au bluu iliyopauka ili mtoto aliye chini aonekane kutoka dirishani.

Boya la mkononi ni la kuchezea, haliokoi. Mkubwa afundishwe kuogelea na mwalimu, na kila wanapoogelea awepo mtu mzima mmoja aliyepewa jukumu kwa jina, si "sisi wote tupo".

Na mtu akitolewa majini hapumui, msimning'inize kichwa chini kumtoa maji wala msimkandamize tumbo. Mnapoteza dakika zake. Mlazeni chali, mpulizieni pumzi mdomoni na kukandamiza kifua kwa zamu mpaka msaada ufike. Kwa aliyezama zile pumzi ndizo zenye uzito, kifua peke yake hakitoshi. Wewe, mume wako na dada wa kazi mjifunze kabla bwawa halijajazwa.

Fundi_Bomba_Tz

Naunga mkono sista. Niongeze la dreni ya chini. Tundu moja la kunyonya lililounganishwa moja kwa moja na pampu ni hatari, linaweza kunasa nywele au mwili wa mtoto na nguvu za mtu zisitoshe kumtoa. Marekani walitunga sheria ya vifuniko vya dreni mwaka 2007, baada ya binti wa miaka saba kufa kwa namna hiyo. Weka matundu mawili yaliyoachana angalau mita moja, yaungane kabla ya kufika kwenye pampu, na vifuniko viwe vya mbinuko, visivyozibika kwa mwili. Kifuniko kikivunjika, watu watoke majini siku hiyo hiyo.

Taa za majini ziwe za volti 12, transfoma ikae mbali, kwenye chumba cha pampu. Saketi nzima iwe na kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampia 30, na nondo za bwawa ziunganishwe na ethi kabla zege halijamwagwa. Baada ya kumwaga huna pa kushika.

Mkaazi_Nyali

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu ukichimba nusu mita tu unakutana na mwamba wa matumbawe. Watu hufurahi wakidhani mwamba ni msingi tosha, kumbe una mapango. Nimeona bwawa la jirani likinywewa maji usiku mmoja baada ya sakafu kukosa kitu cha kuegemea. Wanaojenga juu ya matumbawe wagonge mwamba wote kwa nyundo, popote panapotoa mlio wa utupu wapachimbue na kupajaza zege hafifu kwanza.

Kwa vyuma vya ngazi na vishikio, dada, usikubali chuma cha pua cha kawaida. Hewa ya bahari pamoja na klorini itakitia madoa ya kutu upesi. Dai kile cha daraja la 316.

Ukhty_Mbweni

Assalaam alaykum. Dada yangu, nami nina swali ambalo ni ushauri pia: umefikiria stara? Sisi tulipochora letu, Unguja, jambo la kwanza tuliangalia nani anaona nini. Ukuta wa mita mbili unatosha leo, kesho jirani akipandisha ghorofa mnakuwa uwanjani. Tulilisogeza bwawa likae kwenye pembe ambayo nyumba yetu wenyewe inalikinga pande mbili, upande wa tatu tukaacha nafasi ya kimiani cha mbao. Wanawake wa nyumba wanaogelea kwa raha zao. Kama nia ni bwawa litumiwe na watu wote wa nyumba, hili lipangwe kwenye ramani, kwa sababu kulitafutia dawa baadaye kwa maturubai hakupendezi.

Mimea ya kukingia chagua isiyopukutisha. Na banda la makuti lisiwe juu ya maji.

BintiKibada

Wa alaykum salaam dada, ahsante. Hilo la ghorofa sikulifikiria kabisa, na kiwanja cha mashariki kweli kina msingi mzito umeanza.

Nimemsomea mume wangu michango yote. Kwenye zege tumeelewana. Kwenye uzio tumeelewana bila kujadili, sista Mungu akubariki. Bado ameshikilia kina cha mita 2.5. Nimwambieje? Na la pili, kuna mtu kamshawishi tuweke mfumo wa chumvi kwa kuwa "hauna kemikali".

Zege30

Shemeji mwambie hivi. Anachohitaji mtu wa kupiga mbizi si kina tu. Anahitaji kina kiendelee mbele yake mpaka mwili ugeuke na kurudi juu. Kwenye bwawa la mita 8, sakafu lazima ianze kupanda mapema ili upande wa pili watoto wasimame. Anayeruka kwa kichwa anakutana na mteremko. Wanaoumia hivyo huvunjika shingo, na ni watu wazima wenye nguvu kama yeye. Kwa nyumbani nashauri kina cha 1.1 kwenda 1.5, na maandishi ya kudumu ukingoni kwamba hakurukwi kwa kichwa.

Akitaka hesabu: kutoka 1.2 hadi 2.5 ni mita za ujazo 59, dhidi ya 41.6. Maji zaidi ya kununua, dawa zaidi, pampu kubwa zaidi, nondo nzito zaidi, na sehemu ambayo mke na watoto hawataisogelea. Pesa hiyo ahamishie kwenye ngazi pana ya kuingilia na kibaraza cha ndani cha kina cha sentimita 35 kwa ajili ya mdogo. Hicho ndicho kitakachotumika kila siku.

Fundi_Bomba_Tz

Mfumo wa chumvi unatengeneza klorini hiyo hiyo kutoka kwenye chumvi kwa umeme. Si mbaya, maji yanakuwa laini machoni na hubebi madumu ya dawa. Lakini unahitaji kama kilo 4 za chumvi kwa kila mita ya ujazo, yaani kilo 166 kwa kuanzia, na ile seli inayotengeneza klorini ina umri wake, ikichoka unanunua nyingine. Umeme ukikatika hamna klorini. Kwa anayeanza, nunua klorini ya kawaida ya unga na kipimo cha maji. Klorini iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, pH 7.2 mpaka 7.6. Pima mara mbili au tatu kwa wiki. Jua letu linaiunguza klorini ndani ya masaa, kwa hiyo maji yawe na stabilaiza (dawa ya kuikinga klorini na jua) miligramu 30 hadi 50 kwa lita, isizidi, ikizidi klorini inakuwepo kwenye kipimo lakini haifanyi kazi.

Dawa itiwe kwenye maji, maji yasimwagwe juu ya dawa. Klorini na asidi zisikae rafu moja, na aina mbili za klorini zisichanganywe kwenye chombo kimoja. Zinaweza kulipuka au kutoa gesi ya sumu.

Ukisafiri mwezi mzima acha pampu inafanya kazi na mtu wa kupima. Bwawa lililotelekezwa ni mazalia ya mbu, na Dar tumeshaona dengi ya 2014 na 2019.

Athi_Plains

Niko Syokimau, udongo mweusi wa mfinyanzi. Je, hayo ya maji ya chini yananihusu?

Zege30

Kwako adui ni udongo wenyewe, unavimba mvua ikinyesha na kusinyaa na kupasuka kiangazi. Uchimbuliwe wote chini na pembeni, ubadilishwe kwa moramu iliyoshindiliwa kwa tabaka, na kuzunguka bwawa uwekwe ukanda wa zege unaopeleka mvua mbali. Tafuta mhandisi aone shimo kabla ya kurudishia. Na kwa baridi ya Nairobi mwezi wa saba, tenga pesa ya turubai la kuhifadhi joto, la sivyo miezi mitatu mtaliangalia tu.

BintiKibada

Wakuu, narudi na vipimo. Tulitoboa tundu kama mlivyoelekeza na mume wangu amekuwa akipima kila Jumamosi. Kabla ya mvua yalikuwa mita 2.9. Baada ya zile mvua kubwa za mwisho wa mwezi wa nne yamefika sentimita 85 kutoka juu, yakakaa hapo kwa wiki mbili, sasa yanashuka pole pole.

Fundi wa tofali tumeachana naye kwa amani. Tumekubaliana kina kiwe 1.5. Bwawa tumelihamishia kona ya kaskazini mashariki, mbali na miti na shimo la maji taka, nyumba inatukinga upande mmoja na upande wa ghorofa la jirani tutaweka kimiani. Swali: kwa sentimita 85, tufanyeje?

Zege30

Kipimo kizuri sana hicho, mpe shemeji hongera zake. Ukilichimbia lote, kwa sentimita 85 bwawa tupu linabaki na tani chache tu za kulishikilia, na mwaka wa mvua kubwa zaidi unakuja siku yoyote. Mimi ningelinyanyua sentimita 50 juu ya ardhi. Kitako kinakaa kwa wastani mita 1.15 chini, maji yakipanda kama mwaka huu yanakuwa juu ya kitako kwa sentimita 30 tu, msukumo wa tani 11 dhidi ya uzito wa tani 35. Hata yakipanda sentimita 40 zaidi bado uko salama. Shimo nalo linakuwa fupi, mnachimba mwezi wa nane au wa tisa bila pampu.

Lakini mwambie atakayechora: ile sehemu ya ukuta iliyo nje ya ardhi haina mchanga wa kuegemea, maji ya ndani yanausukuma nje kila siku. Nondo za uso wa ndani zihesabiwe kwa hali hiyo. Chini ya sakafu weka tabaka la kokoto sentimita 20, na bomba la wima la inchi 6 kutoka kwenye kokoto mpaka juu. Kila mnapotaka kulitoa maji, chungulieni kwanza humo. Mkiona maji yako juu ya usawa wa sakafu, ahirisheni, au shusheni pampu ndogo humo kabla.

Kibali cha ujenzi kichukuliwe Manispaa kwa michoro hiyo, na mkandarasi aonyeshe usajili wake wa Bodi ya Usajili wa Makandarasi.

Muuguzi_wa_Zamu

Ukuta wa sentimita 50 usiwafanye mpunguze uzio. Wa miaka mitatu anaupanda.

BintiKibada

Uzio umo kwenye mchoro, sista, na fundi wa geti ameambiwa aufunge kabla maji hayajaingia. Mhandisi, lile bomba la inchi 6 likae upande gani, wa kina kirefu au kifupi?

Zege30

Upande wa kina kirefu, nje ya ukuta, na juu liwe na kifuniko cha kufunga kwa bolti.